Mama Kiberiti na Mbao Zilizonyeshewa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutia mbao dawa ya kuzuia moto, fundi wetu mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye faili. Sisi tunamwita Mama Kiberiti, na hata mumewe akipiga simu kiwandani humuulizia hivyohivyo.

Alianza kwa kusukuma toroli la mbao hadi kwenye tangi, lile linaloshindilia maji ya chumvi za dawa mpaka ndani ya ubao. Alipokabidhiwa tangi lenyewe, akaweka sheria yake: kila mzigo ukikauka, kinakatwa kipande, naye anakichoma kwa mkono wake. Kikiishia kuwa cheusi na moto ukazimika wenyewe, anatia saini. Kikiendelea kuwaka, mzigo hautoki, hata uje na lori na hasira zako. Aproni tisa zimetoboka kwa ajili ya sheria hiyo.

Kuna siku mbao za dari ya wodi ya watoto zilikuwa zimeshapita jaribio, lori linanguruma getini. Mama Kiberiti akaona michirizi myeupe ubavuni mwa ubao mmoja, akaagiza msumeno. Kipande kikawaka kama karatasi. Mbao zilikuwa zimenyeshewa uani, mvua ikaosha dawa, kisha zikakauka kana kwamba hakuna kitu. Meneja alimsihi asikuze mambo. Akamjibu kwamba wagonjwa wa wodi ile hata kutembea bado hawajui. Mzigo ukarudi tangini, siku kumi na mbili zikapotea, na katika ripoti yake aliyeziacha nje hakutajwa.

Miaka mitatu baadaye, waya wa taa ulishika moto kwenye dari ile. Mbao ziliungua zikawa nyeusi, lakini hazikuwaka. Wauguzi waliwatoa watoto wote kumi na tisa wakiwa wamewabeba mikononi, wazima.

Aliyeziacha mbao mvuani ni mimi ninayeandika haya, wakati huo nikiwa mtunza ghala. Alijua siku ileile. Alinipeleka uani, akanionyesha jinsi ya kufunga turubai, akasema nijifunze kutazama mawingu. Nilikuwa nimeshafungasha vitu vyangu.

Kuanzia Julai, kuchoma vipande ni kazi yangu, na naogopa. Ahsante, Mama, kwa ukali wako na kwa kunisitiri. Nenda kapumzike na afya tele, na moto uwake jikoni kwako tu, utakapouwasha mwenyewe. Kiberiti umeniachia, turubai nimeshalifunga.