Tunakuomba Umsubiri Bata

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Usafiri wa Afya. Mganga mfawidhi wa zahanati yetu. Mafundi, wavushaji, wazazi na majirani mliojazana hadi mlangoni: habari za asubuhi.

Makaribisho

Mheshimiwa, karibu sana karakanani kwetu. Tunaona macho yako yanatafuta kitu. Umefunga safari kuja kumwona Bata, gari letu la magurudumu manane linalotembea nchi kavu na kuogelea majini, na hapa mbele yako, kwenye sakafu tuliyoipiga deki mpaka ikang'aa, hakuna Bata. Kuna alama za matairi na doa la mafuta.

Usidhani tumemficha. Asubuhi hii, tukiwa tunapanga viti, simu iliita kutoka ng'ambo ya kinamasi. Mama mmoja ameshikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Bata akatoka mbio na mkunga wetu ndani. Mkunga huyo ndiye aliyekuwa akusomee risala hii, kwa hiyo anayekusomea sasa ni karani wa karakana, ambaye jicho moja liko kwenye karatasi na jingine liko majini.

Na lori ulilokuja nalo, lile lenye mbao za kupandishia na kamba mpya, tumeliona pia. Tumelitafutia kivuli.

Tulikotoka

Kabla ya Bata, kinamasi kilikuwa kinatuamulia nani atibiwe na nani asubiri. Maji yakijaa, mtumbwi ulipita. Yakipungua, tope lilishika mtumbwi na gari bila kubagua, na mkunga alibaki ukingoni na mkoba wake akitazama moshi wa majiko ya ng'ambo. Ofisi yako ndiyo iliyotuletea Bata. Siku aliposhuka majini mara ya kwanza na kuelea, wazee wazima walipiga vigelegele, na mlinzi wetu, mtu asiyecheka hovyo, alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa faida ya wasiomjua, injini ya Bata inazungusha cheni zilizolala chini ya sakafu yake, kulia na kushoto. Kila cheni inapita kwenye gia zenye meno zilizofungwa kwenye ekseli za magurudumu. Gia zikikaa kwenye mstari mmoja, cheni inateleza kimya kimya. Gia moja ikikaa upande, hata kwa unene wa ukucha, cheni inasaga, inapiga kelele kra-kra-kra, na mwisho inaruka. Cheni ikiruka katikati ya maji, Bata anakuwa karai.

Changamoto

Mheshimiwa, kawaida mafanikio hutangulia. Tumeanza na changamoto kwa sababu mafanikio yetu yalitoka humo humo.

Cheni ya kushoto ilianza kuruka. Fundi wetu ni yule pale, aliyeegemea nguzo, mwenye ovaroli iliyofuliwa jana. Watu wote wanamwita Tayari, kwa kuwa hilo ndilo neno lake: hajaweka spana chini, ameshasema "Tayari!" Ni fundi hodari, ila mdomo wake humtangulia. Alimpandisha Bata juu ya magogo, akafunua sakafu, akalaza rula ya chuma kwenye gia, akazisogeza kwa washa, vile vibati vya duara vyenye tundu, mpaka rula ikagusa zote bila mwanya. "Tayari!" Bata akaenda, kra-kra-kra, cheni ikaruka. Akabadilisha cheni. "Tayari!" Ikaruka. Mtaalamu wa ofisi yako naye alikuja akapima, akaona gia zimenyooka, akakuna kichwa. Hatumlaumu. Alipima kama sisi tulivyopima.

Mara ya tatu iliruka ndani ya matete, mkunga akiwemo. Mkunga huyo, Mheshimiwa, ni dada wa Tayari wa tumbo moja. Alishuka maji yakiwa kiunoni, mkoba kichwani, akarudi kwa miguu. Kule ng'ambo mtoto alizaliwa mikononi mwa majirani, na kwa bahati tu hakuna aliyepotea. Alipofika hapa akiwa ameloa chapachapa, alimwambia ndugu yake mbele yetu sote:

"Wewe na Bata wako mtaniua. Mimi humo siingii tena."

Tayari alizoea kurushiwa maneno na kuyarudisha.  Siku hiyo alikaa juu ya gogo akiipangusa rula ambayo ilikuwa safi tayari, na chakula alicholetewa na mkewe kilirudi kama kilivyokuja. Muda si mrefu tukapata taarifa ya ofisi yako kwamba Bata amechoka, atachukuliwa, akavunjwe vipuri. Tusikufiche: iliuma. Yeye ilimuuma zaidi, maana alijua kinachovunjwa ni Bata, lakini kinachoaibika ni mkono wake.

Mafanikio

Sasa hapa, Mheshimiwa, turuhusu tuchangamke kidogo.

Siku moja Tayari alikuwa amemshusha Bata kutoka kwenye magogo, amesimama kwa magurudumu yake, sakafu bado wazi na rula bado imelala kwenye gia. Alikuwa ameinama akiangalia mara ya mwisho kabla ya kufunika. Shangazi yetu muuza chai akaja na birika, hakuona pa kukaa, akapanda akajitupa kwenye benchi la nyuma.

Rula ikacheza. Ukaonekana mwanya, kidole kingeingia.

"Nani amekaa huko?" Tayari akapiga kelele.

"Ni mimi. Miguu inaniuma. Kwani kukaa ni kosa?" Shangazi akainuka kwa hasira. Mwanya ukafutika.

"Kaa, shangazi! Kaa tena!"

"Sasa nikae au niondoke? Mimi si mtoto wa kuchezewa."

"Kaa, nakuomba, nitakununulia chai!"

"Chai yangu mwenyewe?"

Akakaa. Mwanya ukarudi. Tayari akamshika shangazi mkono akaubusu, na mpaka leo shangazi anasema hajui alifanya nini cha maana siku hiyo zaidi ya kuchoka.

Mheshimiwa, sote tulikuwa tunamnyoosha Bata akiwa mtupu, tena ananing'inia juu ya magogo. Lakini Bata hafanyi kazi mtupu. Chuma kinachoshikilia beringi ya ekseli ya nyuma kilikuwa na ufa mwembamba uliofunikwa na grisi na tope. Bila mzigo, kilirudi mahali pake kikanyooka. Watu wakikaa, kilikubali kulala, ekseli ikapinda nacho, gia ikatoka kwenye mstari. Tulikuwa tunapima uongo, tena kwa uangalifu mkubwa.

Tayari alitaka kusema neno lake. Tulimwona. Akalimeza.

Ufa ukachomelewa na chuma kikaongezewa kipande kinene. Kisha wakaitwa watu, maana gia zilitakiwa kunyooshwa Bata akiwa na mzigo wake wa kila siku. Walikaa wote mchana kutwa katika gari lisilokwenda kokote: shangazi na birika lake, mlinzi, babu wa jirani, mwalimu wa watoto wadogo, na mama mkwe wa Tayari aliyekuja kusalimia tu akajikuta amekuwa mzigo. Tayari akatambaa katikati ya miguu yao na tochi mdomoni.

"Mama, tafadhali usikunje nne."

"Mkwe wangu, ungeniambia mapema ningevaa viatu vizuri."

Mtu akicheka, rula inacheza. Kwa hiyo ikapigwa marufuku kucheka, na marufuku hiyo ndiyo ikawamaliza kabisa. Jioni rula ilikaa kimya na watu wote wakiwa ndani. Tukamjaribu Bata kando ya maji, mbele na nyuma, tope na mchanga. Tulisikia injini. Kra-kra-kra hatukuisikia.

Hata hivyo mkunga hakupanda. Alisema amefurahi, akaenda zake. Mpaka asubuhi hii. Simu ilipokatwa alisimama mlangoni pale, akamtazama Bata, akamtazama ndugu yake. Akauliza, "Imekaa sawa?" Tayari, ambaye miaka yote hana neno jingine, hakulisema. Alisema, "Dada, nimepima na watu ndani." Mkunga akatupa mkoba kwenye benchi, akapanda, mvushaji akawasha, wakaingia majini. Tangu saa hiyo Tayari hajaondoka kwenye ile nguzo.

Maombi

Mheshimiwa, utakuwa umegundua kwamba risala yetu ni ndefu. Ni kwa makusudi. Mwanzoni ilikuwa ukurasa mmoja. Kurasa nyingine tumeziongeza asubuhi hii ili Bata apate muda wa kurudi kabla hujaondoka. Usimkasirikie karani.

Tulikuwa na ombi la mabati, kwa kuwa paa linavuja. Tumelifuta. Acha livuje. Tulikuwa pia na ombi la cheni ya akiba, na hilo tumelibakiza, ila kwa sauti ndogo. Ombi letu kubwa ni kwamba lori lako lirudi tupu. Tena tunakuomba usitukubalie kwa maneno haya tuliyoyapamba. Msubiri Bata, umsikilize anavyokuja, kisha uamue.

Mheshimiwa, samahani, haya hayamo kwenye karatasi. Watu wamegeuka wote. Tafadhali, wenye watoto wawanyamazishe. Mlinzi, zima hiyo redio.

Ni injini, Mheshimiwa. Ni injini peke yake.

Anatoka kwenye matete. Mvushaji mbele. Mkunga amesimama, amekishika kitu kilichofungwa shuka nyeupe, anakiinua, na mama amekaa nyuma yake, anapunga mkono. Jamani, anapunga mkono! Wote wanamtazama mtoto. Fundi wetu hamtazami mtoto. Amefumba macho, amegeuza sikio, anasikiliza magurudumu ya kushoto. Na dada yake anamwita kutoka majini, mmesikia wenyewe: "Tayari! Tayari, njoo umpokee mgeni wako mdogo, cheni haikusema neno!"

Sasa anakimbia. Mwacheni apite.

Mheshimiwa, tufunge. Mungu akujalie njia iliyonyooka nchi kavu, na majini akupe cheni isiyoruka. Awabariki mama huyu na mtoto wake, na kila atakayevuka baada yao. Wakishuka, benchi la mbele litakuwa na nafasi moja. Ulikuja kumchukua Bata. Tunakuomba, kwanza, Bata akuchukue wewe.

Ni sisi, mafundi, wavushaji, wakunga na majirani wa Kikundi cha Bata Hazami.