Tiam-mia, Aliyemwita Nne Kila Asubuhi

Marehemu Tiam-mia, ambaye jina lake kwa lugha ya nyumbani maana yake ni "kuita majina", alizaliwa tarehe 12 Mei 2011 huko Madou, Tainan, katika jiko la karamu la Shangazi Siok-hun. Baba yake mzazi ni Bun-tik, mpwa wa Shangazi, aliyemwandika kwenye kompyuta kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika paja la kuku. Mama yake ni aibu. Miaka ya nyuma baba yake Shangazi alisahau karamu ya harusi. Wageni wakakaa barabarani mbele ya meza tupu, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwita tena hata kupika uji. Shangazi aliporithi masufuria aliapa mbele ya wote: "Mimi sisahau karamu ya mtu. Nikisahau, nichemsheni na mimi."

Ndiyo maana karamu zote zilizoagizwa ziliwekwa katika kanzidata moja, iliyotunzwa kwa pamoja na kompyuta tano za humo humo nyumbani: ya mapokezi, ya jikoni, ya stoo, ya gereji na ya chumbani kwa Shangazi. Kila asubuhi kila kompyuta ilipaswa kujiandikisha kundini. Isiyojiandikisha, karamu ilizopokea wenzake hawazioni. Marehemu alikuwa programu ndogo yenye kazi moja: kuita majina na kusema nani hayupo. Basi. Wapo wakurugenzi ambao kazi yao haielezeki kwa ufupi huo.

Elimu aliipata nyumbani. Alifundishwa kuhesabu mpaka sita, na balaa likaanzia hapo. Kompyuta zilikuwa tano, lakini Shangazi alizipa nambari moja, mbili, tatu, tano na sita, kwa kuwa kwetu nne na kifo hutamkwa karibu sawa, na hakuna mwenye akili timamu anayekiweka kifo jikoni. Hata lifti zetu huiruka nne. Marehemu peke yake hakuiruka. Kila alfajiri, wapishi wakiwasha moto, printa ya jikoni ilitoa karatasi: "Nne hayupo."

"Huyu anakiita kifo jikoni kwangu kabla sijanywa hata chai!" alifoka Mjomba Hok, mpishi mkuu. "Bun-tik, mfunge mdomo mwanao!"

"Mjomba, anasema hayupo. Wewe ulitaka awepo?"

"Ahaa. Sasa najua mtoto kautoa wapi huo mdomo."

Kuhusu ndoa: Shangazi alikwenda hekaluni kumwuliza mpandisha mizimu. Akaambiwa kwamba anayeliita jina moja kila asubuhi haumwi, anapenda. Tarehe 3 Oktoba 2015 marehemu akaozwa Nne, ndoa ya mizimu kama wanavyoozwa mabinti waliofariki kabla ya kuolewa, ingawa huyu aliwapita wote: hata kuzaliwa hakuzaliwa. Bibi harusi alitengenezwa kwa karatasi, akavishwa nyekundu, akaketishwa juu ya printa. Mahari ilikuwa katoni ya keki za nanasi. Upande wa bibi harusi haukujitokeza kuzila, kwa hiyo Mjomba Hok aliusaidia. Kisha Bun-tik akaongeza mstari mmoja kwenye programu ili mke aitikie "Nipo". Kesho yake karatasi ikasema "Wote wapo", na jiko zima likapiga makofi.

Maradhi yake yalitokana na ndoa hiyo. Mstari ule uliandikwa ovyo ovyo. Bi Nne hakuitikia jina lake tu. Akisikia mwenzake yeyote kanyamaza, alimwitikia na yeye: "Nipo." Heshima ikizidi nayo ni ugonjwa. Hakuna aliyejua, mpaka Novemba 2022 mtu alipochomoa waya wa kisanduku cha mtandao cha kompyuta Tano kule gereji ili achomeke sufuria la umeme la wali. Tano ikaendelea kupokea karamu, lakini peke yake, bila wenzake kuziona. Karatasi ikaendelea kusema: "Wote wapo."

Jumamosi moja akaingia Bibi Ong na mkongojo wake. "Siok-hun mwanangu, samaki wa kesho awe mlaini. Meno yangu yamebaki ya kuchekea tu."

"Kesho kuna nini, Bibi?"

"Kuna nini? Natimiza themanini! Meza ishirini na mbili! Mjukuu wangu si alikuja kuandikisha pale gereji?"

Walioshuhudia wanasema Shangazi aligeuka akalitazama lile sufuria kubwa kuliko yote, kama anayepima iwapo ataenea.

Siku hiyo hata printa ingekuwa na mikono ingemenya vitunguu. Mjomba Hok alikwenda kuazima kaa wa baharini kwa wapishi mahasimu wake, akawaita "ndugu zangu". Karamu ikafana. Bibi Ong alikula samaki mlaini na hadi leo hajui lolote. Aliyeketi karibu naye hapa msibani tafadhali amzibe masikio.

Jumatatu Shangazi akasimama mbele ya printa. "Bun-tik, nirudishie mwanao wa zamani. Yule mkorofi." Mstari ukafutwa, ndoa ikavunjika bila wazee kukaa kikao. Printa ikakohoa: "Nne hayupo. Tano hayupo." Kumbe hakuna aliyekumbuka kuurudisha ule waya. Shangazi aliibusu karatasi mpaka wino ukambakia mdomoni.

Marehemu alituacha tarehe 18 Februari 2024, supu ya kuku kwa mafuta ya ufuta ilipomwagikia kompyuta kuukuu ya pembeni, nje ya zile tano, alimokuwa akiishi. Nakala yake ya akiba nayo ilikuwa humo humo. Fundi wa kwanza alikata tamaa, wa pili akaomba bakuli la supu iliyobaki. Maneno yake ya mwisho, karatasi tunayo, yalikuwa: "Nne hayupo."

Ameacha baba, Shangazi, Mjomba Hok, anayelia kuliko wote na kusingizia vitunguu, kompyuta tano, mtalaka mmoja wa karatasi, na mdogo wake, programu mpya, ambaye Shangazi amempiga marufuku kuoa.

Anazikwa leo chini ya mbalungi nyuma ya stoo. Asubuhi Bun-tik aliuliza kaburi lipewe nambari gani.

"Mpe nne," akasema Shangazi. "Kaitafuta maisha yake yote. Nambari ya wafu imempata mwenyewe."

Mdogo wake ameshaarifiwa. Kuanzia kesho alfajiri printa itaandika: "Moja yupo. Mbili yupo. Tatu yupo. Nne amepumzika kwa amani."

Na mtu asimwitikie.