Kabla ya Kumuuza Kipa

Ng'ambo ya stesheni ya Mpanda, hatua chache kutoka relini, kuna benchi la mataruma mawili ya zamani ya reli yaliyolazwa juu ya matofali. Kalista huweka jiko lake la mkaa pembeni tangu alfajiri, birika juu, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, kashata za karanga kwenye sahani iliyofunikwa. Wenyewe wanaliita Benchi la Akiba, kwa sababu wanaokaa pale wote wanajua mpira kuliko walio uwanjani, ila hakuna aliyewahi kuwaita waingie. Jumamosi hiyo treni ya kutoka Tabora ilikuwa imechelewa kama kawaida yake, jua limeshapanda, na benchi lilikuwa na hoja moja tu: Stesheni Rangers wamuuze kipa wao, Wilbert, au wasimuuze.

Aliyehitaji jibu kuliko wote ndiye aliyekuwa kimya kuliko wote. Salvatori, kocha wa Rangers, alikaa mwisho wa benchi na kikombe kilichopoa mkononi. Saa kumi jioni kamati ya timu ingekutana. Timu moja ya ligi kuu ilikuwa imeleta barua ya kumtaka Wilbert, na mwenyekiti hakumficha kocha wake neno: "Wewe ndiye unayemjua huyo kijana. Ukisema aende, anaenda. Ukisema abaki, barua tunairudisha." Salvatori alikuja kijiweni kusikiliza, kama mtu anayepita sokoni bila kujua atanunua nini.

— Mchezaji ni kama jani la tumbaku, alianza Bartolomeo, mkulima ambaye benchi zima lilimwita Tumbaku. — Likiwa tayari, chuma, kausha, peleka sokoni. Ukisema ngoja kwanza nilitazametazame, linaota ukungu, linashuka gredi, mwisho unabaki unalivuta mwenyewe.

— Jani likichumwa mti unatoa jingine, akasema Enoka. Huyu alikuwa dereva wa bodaboda, na jina lake la kijiweni lilikuwa VAR, maana hakuna jambo lililopita mbele yake bila kulirudia mara tatu na kulikataa. — Kipa anachipua wapi, kaka? Hebu tuangalie marudio. Sixte si tulimuuza? Tukapata nini?

— Tulipata Hiace, alijibu Valeriani. Alikuwa mstaafu wa reli, na walimwita Waziri kwa kuwa hata akiomba kashata aliomba kama anahutubia. — Tulipata Hiace, jezi pea mbili, na nyavu mpya za magoli. Hayo ni maendeleo, ndugu zangu.

— Ndiyo, alisema VAR. — Na msimu uleule tukafungwa mechi saba. Tulinunua gari la kutupeleka kufungwa, mzee. Zamani tulikuwa tunapanda lori la mahindi, tunarudi na pointi. Sasa tunakaa kwenye viti, tunarudi na aibu. Na hizo nyavu, nani kazitumia? Wageni.

Kalista alicheka huku akipuliza mkaa. Salvatori naye alitaka kucheka, ila jina la Sixte lilipotajwa aliinamia kikombe chake.

Sixte alikuwa mwanawe wa mpira. Alimkuta kule Mishamo, katika mechi ya kanisa na kanisa, kijana mwembamba anayepiga kwa miguu yote miwili kana kwamba Mungu hakumwambia upi ni wa kulia. Ilibidi Salvatori aende mara tatu nyumbani kwao, akae kwenye kigoda mbele ya mama yake, Séverine, ndipo akaruhusiwa kumleta Mpanda. Misimu miwili Sixte alifunga mpaka watoto wa mjini wakawa wanatembea wakiyumba kidogo kwa makusudi, kama alivyotembea yeye. Kisha timu kubwa ya Dar es Salaam ikamtaka, na Salvatori alikuwa wa kwanza kusema aende.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu nyuma. Jumanne ya wiki hiyo simu yake ililia. Sixte alimweleza kwa kifupi, kama mtu anayesoma matokeo ya mechi ya wengine. Goti liliachia mazoezini. Timu ilimtibu, ilimpasua, ikamsubiri. Lakini mkataba ulifika mwisho kabla goti halijapona, wakapeana mikono. "Naja na treni ya Jumamosi, kocha," alisema. "Usiwaambie watu. Nataka nishuke tu."

Salvatori hakumwambia mtu. Siku nne alikuwa amebeba maneno hayo kama mtu aliyebeba yai kinywani. Aliona kwamba akiyasema kabla ya kikao, watu wote wataingiwa na woga na Wilbert atanyimwa bahati yake kwa sababu ya goti la mtu mwingine. Na asipoyasema, Wilbert atasaini huku akidhani barabara ya kwenda haina kona. Kwa hiyo alikaa, akazungusha kikombe.

— Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, alisema Waziri. — Maana yake tuuze mmoja mmoja, taratibu, mpaka tushibe.

— Hapo unatoa kwenye kibaba, mzee wangu, alisema VAR. — Hujazi.

— Nyie hamjaelewa mchezo, Tumbaku aliinama mbele, sauti chini. — Hawa wakubwa hawanunui ili wamchezeshe. Wananunua ili sisi tusiwe naye. Ni mbinu hiyo.

— Timu ya ligi kuu iiogope Rangers ya Stesheni? aliuliza VAR. — Sisi juzi tumetoka sare na timu ya Majimoto iliyokuja pungufu, wawili walikuwa wameenda kuvuna mpunga.

— Ndiyo maana wanatuwahi mapema, alisema Tumbaku, na Waziri akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonyeshwa siri ya serikali.

VAR alimaliza kahawa yake, akaomba nyingine. Alipoipokea alikuwa ameshapata nadharia.

— Basi kama ni kuuza, tuuze kweli. Tuuze timu nzima, kumi na moja kwa mkupuo mmoja. Tunapokea chetu, tunaenda Sumbawanga tunanunua timu nyingine ambayo imeshapanda daraja. Tunawavalisha jezi zetu. Imeisha hiyo.

— Na mashabiki? aliuliza Waziri.

— Tunaenda nao kwa masharti mapya.

— Wewe ungeuza pikipiki ukanunue abiria, alisema Kalista.

Hapo hata VAR alicheka. Lakini Tumbaku hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa kusini, huku kidole kikichora kitu kwenye vumbi.

— Nimepata, alisema. — Viboko wa Katavi. Watu wanatoka Ulaya kuja kuwaona, kweli si kweli? Kuna aliyewahi kuondoka na kiboko? Anamtazama, analipa, kiboko anabaki kwenye tope lake. Sasa na sisi tufanye hivyo. Wilbert adake hapahapa Mpanda. Wanaomtaka waje wamtazame.

Ile nadharia ilikuwa na umbo zuri. Salvatori aliweka kikombe chini.

— Kiboko haombi kwenda, alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile. Wakamgeukia.

— Wilbert ananiuliza kila siku, aliendelea. — Anafika mazoezini kabla yangu. Baba yake amekuja kutoka Kasekese, hajaja kuniuliza timu itapata nini. Ameniuliza, "Mwanangu anaondoka lini?" Nyie mnazungumza kama vile huyu kijana ni gunia, tukimfungia ghalani tunaye, tukimtoa hatunaye. Mimi nimemfundisha kudaka ili afike mbali. Halafu akifika mlangoni nimwambie rudi ndani, sisi tuna mechi Jumapili?

— Basi unamuuza, alisema VAR.

— Sijasema hivyo.

— Kocha, mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Waziri kwa upole. — Na kipa wetu anainama vizuri sana. Sasa tatizo ni nini?

Kabla Salvatori hajajibu, mwanamke alivuka barabara na kusimama mbele yao, kitenge kimefungwa kifuani, kikapu mkononi, viatu vimejaa vumbi.

— Samahani ndugu zangu. Treni imeshafika? aliuliza, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi.

— Bado, mama, alisema Kalista. — Wanasema ilikwama huko Kaliua. Karibu ukae usubirie hapa.

Salvatori alishasimama. Alimpa mikono yake yote miwili, wakasalimiana kwa sauti ya chini, akampisha kwenye nafasi yake. Wenzake walifikiri ni mtu wa kanisani kwao. Mwanamke alikaa, akashika kikombe alichopewa na Kalista, na VAR, ambaye marudio yake yalikuwa hayajaisha, akaendelea.

— Mimi ninachosema, tuliuza, na aliyeuzwa ametusahau. Sixte sasa hivi anakula maisha Dar. Hata simu hapigi. Mtu tumemtoa kwenye mashamba ya mihogo huko Mishamo, tumemfanya jina, leo...

— Enoka, alisema Salvatori.

— Ngoja nimalize, kocha. Leo akipita hapa hata hatatujua.

— Hajasahau, alisema yule mwanamke. Hakupandisha sauti. — Yumo kwenye hiyo treni. Mimi ni mama yake.

Waziri alivua kofia, kisha hakujua aiweke wapi.

Séverine aliwaeleza yote, goti, upasuaji, mkataba. Hakulaumu mtu. Alisema wale wa Dar walimtunza vizuri, daktari alikuwa mpole, na mwanawe ameambiwa atatembea sawasawa, ila kukimbia kwa zamani asikutegemee. Aliposema maneno hayo ya mwisho alinyoosha kitenge gotini kwake, akakinyoosha tena.

— Kocha, ulijua? aliuliza Tumbaku.

— Tangu Jumanne.

— Na ulikaa hapa unatusikiliza.

— Nilikaa, alisema Salvatori. — Nilidhani kati yenu mmoja atasema kitu kitakachonisaidia.

Hakuna aliyekasirika. Kulikuwa na haya tu, ile ya watu wazima waliokutwa wakizungumza kwa sauti kubwa nje ya nyumba yenye mgonjwa.

Treni ililia kabla ya saa sita. Waliinuka wote bila kuambiana, Kalista peke yake akabaki na jiko. Abiria walishuka na magodoro, ndoo, kuku, na nyuma yao, akishuka ngazi kwa kutanguliza mguu wa kushoto kila mara, akashuka Sixte na begi moja na mkongojo. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Mama yake alimfikia kwanza. Hakulia. Aliinama akaligusa goti lile kwa kiganja kizima, kama anavyogusa mtu unga kuona kama umekauka, halafu ndipo akamkumbatia. VAR alichukua begi, akatembea nalo mbele.

Walimleta hadi kwenye benchi. Sixte aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akaketi, akanyoosha mguu mbele yake. Alionekana mwenye furaha ya kweli ya kufika. Alimuuliza Kalista habari za watoto. Akauliza uwanja kama bado unajaa maji upande wa shule. Kisha akamgeukia Salvatori.

— Kocha, mlipanda daraja?

— Hapana, mwanangu. Tulibaki palepale. Msimu mmoja tulichungulia kushuka.

— Aa, alisema Sixte. — Sasa mliniuza mkapata nini?

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu aliyekuwa safari ndefu na anataka habari za nyumbani. Asubuhi nzima jibu lilikuwa limesemwa pale pale, na VAR, Waziri na Tumbaku kila mmoja alikuwa nalo tayari. Hiace ilikuwepo. Jezi zilikuwepo. Lakini mkongojo ulikuwa umeegemea kwenye taruma, kati yao na yeye. Waziri alitazama reli. Tumbaku alifuta kwa kisigino alichokuwa amechora vumbini.

Salvatori ndiye aliyelazimika kujibu.

— Sijui, alisema. — Nimekuwa nikijiuliza tangu uliponipigia. Saa kumi tuna kikao cha kumuuza Wilbert, na bado sijui.

— Wilbert yule wa Kasekese? Kumbe ameshakuwa kipa wa kununuliwa. Sixte alitabasamu. — Ulitaka kusema nini kikaoni?

— Nilikuwa sijapata la kusema. Sasa nimepata la kufanya. Anakaa hapo nyuma ya soko. Twende ukamwambie ulivyoishi huko. Yote. Siku ulizocheza na siku ulizokaa na barafu gotini. Baada ya hapo nitakachosema mimi kitakuwa kile atakachokisema yeye.

— Unataka nimkataze?

— Hapana. Nataka aende akijua, ama abaki akijua. Wewe sikukupa hiyo. Nilikupa baraka tu.

Sixte alilisugua goti. Kisha alishika mkongojo.

— Nitamwambia aende, kocha, alisema. — Nitamwambia na hili, lakini nitamwambia aende. Mimi niliingia uwanjani mara kumi na nne. Mara moja watu wote waliniimba jina. Huwezi kuelewa.

Salvatori aligundua kwamba kweli hawezi. Alimpa bega. VAR aliwasha pikipiki, akaizima, akasema ni karibu, afadhali aisukume tu watembee pamoja. Sixte alimgeukia mama yake na kumuuliza kama atachoka kusubiri.

— Nimekusubiri miaka mitatu, alisema Séverine. — Nenda. Nipo.

Alipobaki na wazee wawili ambao ghafla hawakuwa na nadharia yoyote, aliomba kahawa nyingine. Kalista aliinamisha birika mpaka mwisho. Ikatoka nusu kikombe, nzito, na machicha yake. Akampa hiyohiyo, akakataa kupokea chochote, akamwaga maji kwenye mkaa.