Aliyetangulia Ukutani

Benchi la mbele ya mkahawa wa Marigo ni la wazee watatu, na ole wako ulikalie wakiwa hai. Juu yao, kwenye mwamba, iko ngome waliyowapokonya Waturuki wakati vita vya kuikomboa Ugiriki vilipokuwa bado vichanga. Kesho ni sikukuu yake. Aliyetangulia kuupanda ukuta ndiye angepaswa kuibeba bendera, lakini miaka yote huibeba kasisi, kwa sababu benchi halijaafikiana. Lambros, ambaye wenzake humwita Paka, mwaka huu magoti yamemwisha na kifua kinakoroma. Asipoibeba kesho, basi tena.

— Leo tuseme kweli, jamani, alianza. Wa kwanza ni mimi. Mvua inamwagika, nimevua viatu, natambaa...

— Wewe? alifoka Mzinga, ambaye mizinga ya usiku wa kuiteka ngome ilimwachia uziwi na makelele. Ulikuwa na kikohozi wewe! Ningekusikia!

— Kwa sikio lipi?

— Mimi hata ngazi sikuigusa! Nilipanda kwa kucha! Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Mliniona nikishuka?

Kosmas, muuza zabibu, alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Poleni sana. Mlipofika juu, mimi nilikuwa ndani tangu asubuhi. Nimemuuzia jemadari wa Waturuki zabibu, kala, kasinzia, nikamfunika blanketi. Ngome ikawa yangu.

— Mwongo mkubwa! Asiyekuwepo na lake halipo!

— Blanketi lilikuwa jekundu, Paka. Ningelijuaje?

Wakacheka wote. Kisha Lambros akasema taratibu:

— Mnakikumbuka kile kitunguu? Kimoja, watu sita, tumejibanza chini ya mwamba. Sijala kitu kitamu vile tena.

— Tulikuwa vijana, alisema Kosmas.

— Tulikuwa wazuri, bwana we, alisema Lambros.

Lambros aliwakumbuka wale sita, akautamani usiku ule, pamoja na baridi na woga wake.

Hapo akaja bibi mmoja wa vijiji vya mlimani, mtandio mweusi, mkononi bakuli la ngano iliyochemshwa kwa ajili ya marehemu.

— Shikamooni, kaka zangu. Nimesikia mkitaja ngazi. Ile ya kuvunia zeituni. Chini aliishika nani?

— Anasemaje? alifoka Mzinga.

Lambros aliyatazama magoti yake. Usiku ule ukuta ulikuwa unateleza, lakini ngazi haikuyumba hata kidogo. Mkono ulimsukuma kisigino, sauti ikasema, "Panda, ndugu." Hakutazama chini. Miaka yote hii hakuwahi kutazama chini.

— Ilikuwa ngazi yetu, bibi alisema. Kaka yangu aliondoka nayo. Hakurudi yeye, haikurudi ngazi. Nataka kuiweka hii ngano pale aliposimama, sipajui.

Lambros akaishika fimbo yake, akanyanyuka kwa taabu.

— Aliitwa nani, dada yangu?

— Yanakos.

— Yanakos, alirudia. Twende, nitakuonyesha.

— We Paka! Kosmas aliita. Na bendera je?

— Mwachieni kasisi.