Ndugu Yangu, Kinanda cha Kompyuta na Kinanda cha Duka

“Shangazi, historia ya marehemu inasomwa, haipigiwi soga, na mambo ya ugomvi hayawekwi humo,” ndivyo alivyoniambia binti wa marehemu asubuhi hii pale jikoni, nami nikamwambia, mwanangu, mimi kusoma sijui, karatasi uliyoandika nimesomewa na ni nzuri, ila imeruka miaka kumi na minane kama mtu anayeruka dimbwi akiogopa kuchafua viatu, na baba yako hakuruka, alikanyaga humo humo. Akaninunia kidogo, kisha akasema haya, sema wewe, ila tarehe usizikosee. Nikamwambia tarehe nimeshazikariri, wewe nenda kawashe kompyuta ya baba yako. Ameiwasha, na ninyi mliokaa karibu nayo mnaisikia inavyonguruma, iacheni, ina kazi.

Basi poleni wote, poleni sana. Huyu aliyelala hapa mbele yetu ni mdogo wangu wa kunifuata, tumbo moja, titi moja, alizaliwa tarehe 14 Machi mwaka 1952, katika nyumba ya mtunza kanisa, kile chumba na sebule nyuma ya kanisa, mtoto wa pili kati ya watatu, wa kwanza mimi, na wa tatu kitindamimba wetu, ambaye hivi ninavyosema amesimama nje getini na kofia yake mkononi, hataki kuingia. Huyo nitamfikia.

Baba yetu kazi yake ilikuwa kufagia kanisa, kupiga kengele, na kuvuta mivukuto ya kile kinanda cha mabomba, yaani ile mifuko mikubwa ya ngozi inayopeleka upepo, maana kinanda cha zamani kilikuwa kinapumua kama mtu, asipokuwepo wa kukipa pumzi hakisemi, na marehemu alikulia hapo chini ya mabomba, akilala usingizi wa mchana huku mpigaji anafanya mazoezi, kimya kikiingia ndipo anaamka analia. Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaendelea sekondari, kisha chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1973 katika mitambo ya simu. Mimi shule sikwenda, zamu yangu ilikuwa kumbeba kitindamimba mgongoni, mtoto wa kifua, anakohoa mchana kutwa kwenye shingo yangu, lakini hayo tuyaache, leo si mazishi yangu.

Mwaka 1974 aliajiriwa kituo cha simu, akafanya kazi humo mpaka alipostaafu mwaka 2012, na wenzake wa kituoni ndio waliomwita Waya, kwa sababu mifuko yake haikukosa vipande vya waya, wifi yangu akifua nguo ni lazima kwanza apekue kama askari. Siku za Jumapili alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, na alipofunga ndoa, tarehe 8 Septemba mwaka 1979, hakutaka mtu mwingine aguse kinanda, akapiga yeye mwenyewe bibi harusi akiingia, kisha akateremka ngazi mbio kutoka ghorofani, akafika mbele anahema kama aliyekimbizwa na mbwa, na mchungaji akamwambia, pumua kwanza, bwana harusi, mke haendi popote. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti huyu aliyeninunia na kaka yake aliyefika jana kutoka mbali, na wajukuu watano.

Sasa nafika pale karatasi iliporuka.

Kitindamimba wetu naye alipenda vinanda, ila yeye aliajiriwa kwenye duka la vyombo vya muziki, akafundishwa kuuza na kutengeneza vinanda vya umeme, vile unavyonunua vikiwa vimekamilika, unachomeka ukutani, unabonyeza, kinaimba, kikiharibika unapiga simu dukani. Mwaka 2005 tulimzika baba, na mwaka uliofuata kamati ya kanisa ikasema kinanda cha mabomba kimechoka, ngozi za mivukuto zimepasuka, panya wamezaa ndani, king'olewe, kiletwe cha duka. Marehemu hakubishana na kamati, alikwenda kumwambia mdogo wake, kabla hakijang'olewa nisaidie nikirekodi, na mdogo wake, nasema haya asikie mtu yeyote aliyefikiri vingine, alichukua likizo akamsaidia. Niliwapelekea chakula nikawaona, mivukuto siku hizo ikivutwa na mota ya umeme, kitindamimba amekaa juu kwenye kinanda anabonyeza, marehemu amesimama katikati ya kanisa tupu na maikrofoni zake, bomba moja moja, anabonyeza, anashikilia, anaachia, halafu wote wawili wanakaa kimya mpaka mwangwi uishe kabisa ukutani, ndipo waende bomba la pili, na mimi na sufuria yangu nasimama mlangoni kwa mguu mmoja, naogopa kukanyaga.

Hayo mabomba akayatia kwenye kompyuta, akatafuta kinanda kibovu kilichotupwa na shule, akachukua safu mbili za vitufe, akamwomba seremala jirani yetu amtengenezee mbao za kukanyaga kwa miguu, akapanga spika sita ukutani, na ndicho hiki mnachokiona, kimekaa mahali palipokuwa na kabati la vyombo la wifi yangu, na wifi ni shahidi, kabati lilihamia chumbani na halijarudi. Ukibonyeza kitufe unasikia bomba lile lile, na nyuma ya bomba unalisikia kanisa lenyewe, dari na kuta na sakafu aliyoifagia baba, ndani ya sebule hii.

Kinanda cha duka kilizinduliwa Jumapili tarehe 9 Julai mwaka 2006, akakipiga kitindamimba, na tuseme kweli mbele ya marehemu, kilisikika vizuri. Baada ya ibada watu wanakunywa chai uani, wanacheka, mtu akamuuliza marehemu, Waya, umekionaje, naye akasema, “Ni friji linaloimba.” Watu wakacheka. Kitindamimba alikuwa na kikombe mkononi, akajibu, “Bora friji, kaka, linatunza chakula. Wewe unatunza maiti kwenye kompyuta.” Hapo hakucheka mtu, kwa sababu kaburi la baba lilikuwa halijaota hata majani. Marehemu akaweka kikombe chini, akaondoka, na tangu siku ile hawa wawili hawakusemeshana, mimi ndiye niliyekuwa waya wao, mwambie ndugu yako hivi, mwambie ndugu yako vile, nyumba kwa nyumba, na magoti haya.

Na maneno yenyewe yalikuwa nini, yalikuwa vinanda tu, miaka yote hiyo. Kitindamimba anasema, mwambie kinanda gani hicho unakiwasha, unabandika chai, chai inachemka, unakunywa, unasuuza kikombe, ndipo kinaamka, waumini watakisubiri kama foleni ya daktari? Marehemu anasema, mwambie chake kinaamka upesi kwa sababu hakina cha kukumbuka. Kitindamimba anasema, mwambie siku kompyuta yake ikiugua nani atamjua mgonjwa, yeye peke yake, mimi nina duka nyuma yangu. Marehemu anasema, mwambie duka ni jipya kila mwaka, vinanda vya zamani halivijui tena. Mimi nabeba tu, nusu yake sikuielewa, lakini sikuongeza chumvi wala kupunguza.

Wote wawili walishindwa, na nitasema mara moja ili asibaki mtu anamcheka mwenzake. Mwaka 2018 kinanda cha duka kilinyamaza katikati ya wimbo, kikafunguliwa, kumbe kimeungua kibao kimoja cha ndani, na duka likasema spea yake haitengenezwi tena popote, hapo marehemu alikuwa amesema kweli. Basi akajitolea, wakambebea kompyuta na spika zote mpaka kanisani, akaketi, akapiga, na wimbo ukawa uji. Sikilizeni kosa lake, maana ni kosa la mtu mwenye mapenzi, alirekodi akiwa katikati ya kanisa, kwa hiyo mwangwi wa kanisa ulikuwa tayari umo ndani ya kompyuta, na alipopiga kanisani, kanisa nalo likaongeza mwangwi wake, mwangwi juu ya mwangwi, kama watu wawili wanaosimulia habari moja kwa pamoja, neno halikusikika. Sebuleni hapa kilikuwa kanisa, kanisani kikawa makelele.

Jioni hiyo kitindamimba akaniambia, mwambie ndugu yako maikrofoni zilitakiwa kukaa karibu na mabomba. Nikaja, nikasema. Marehemu akajibu, mwambie najua, ila karibu na mabomba nisingeipata nyumba ya baba. Nikarudi, nikasema, kitindamimba akatazama ukuta, akasema, “Haya.” Nikadhani yameisha. Hayakuisha, wanaume wa ukoo wetu wakishakubaliana jambo ndipo wanapozidi kununiana, maana hawana tena cha kubishania. Na zaidi, kuna mtu wa kupenda kubeba maneno, simtaji, anakula vizuri hapa hapa msibani, alimwambia kitindamimba kwamba Waya alikaa mwaka mzima akifuta kwenye zile rekodi kila kisichokuwa kinanda. Kitindamimba akasema, basi na mimi nimo kwenye vilivyofutwa. Akaliweka neno hilo moyoni kama mwiba unaoota nyama juu yake.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2022, madaktari wakasema moyo umetanuka, akawa anapanda ngazi kwa vituo, na kinanda anapiga kwa mikono tu, miguu imevimba. Mwezi wa nne mwaka huu wa 2024 aliniita, akaniambia, dada, kaa hapa kwenye kiti changu. Nikamwambia mimi sijui kupiga. Akasema, kengele ya mlango unajua kubonyeza? Basi bonyeza hapa, kitufe cha mwisho kabisa kushoto, shikilia, nikisema achia uachie, halafu usiseme kitu. Nikabonyeza, sakafu ikatetemeka mpaka vikombe vya wifi kule chumbani vikaitikia. Akasema achia. Nikaachia, ikabaki ile sauti inatembea kanisani, inakwenda mbali, inakwenda, inakwisha, nikataka kunyanyuka, akanishika mkono. Na pale mwisho, kila kitu kimeshanyamaza, nikasikia mtu amekohoa.

Kikohozi kidogo, cha kujizuia, cha mtu aliyeambiwa akae kimya akashindwa. Ninyi msingekijua. Mimi nimekibeba mgongoni.

Nikamtazama marehemu, akaniambia, “Nilifuta magari ya barabarani, nikafuta kunguru wa darini, nikafuta mlango wa kando unaolia. Huyo simfuti.” Nikamwambia, mbona humwambii? Akasema, aje asikie mwenyewe, nikimwambia atasema nimeanza mimi kuomba msamaha. Nikamwambia, na wewe ni mjinga. Akacheka mpaka akahitaji kulala chini, kisha akasema, basi siku nikiondoka mwambie wewe, dada, wewe si ndiye waya.

Alifariki tarehe 6 Juni mwaka 2024, asubuhi, hospitalini, mkewe amemshika mkono. Nikatuma watu kwa kitindamimba, simu yake amezima, na aliyekwenda kumwambia msiba alirudi na neno moja tu, “Siingii nyumba niliyofutwa.” Kaja leo mpaka getini, hapo ndipo miguu yake ilipomfikisha. Mimi kwenda siwezi, goti limekataa tangu jana.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi aliyemruhusu kugonga gonga vidole kwenye chuma cha kitanda bila kumgombeza, tunawashukuru wenzake wa kituo cha simu, seremala wetu aliyetengeneza mbao za miguu na sasa ametengeneza na jeneza, kwaya, mchungaji, na majirani wa ukuta mmoja, waliovumilia kanisa zima ndani ya sebule miaka yote bila kugonga ukuta hata mara moja. Mungu awalipe.

Mdogo wangu, mivukuto imetua, nawe tua, pumzika kwa amani, ujumbe wako sijausahau.

Haya. Kompyuta imeacha kunguruma, imeshaamka, na kiti kipo wazi, na marehemu hawezi kutoka nyumba hii bila kinanda wakati ndani ya ukoo yupo anayejua kukipiga. Wewe uliyeegemea mlango, geuka umwambie aliye nyuma yako, naye amwambie wa barazani, na wa barazani amwambie wa uani, msiongeze chumvi wala msipunguze, mpaka ifike getini kwa yule mwenye kofia, mwambieni, dada yako anasema kaka yako hakukufuta, umo, kitufe cha mwisho kushoto, njoo ubonyeze, uachie, usubiri.