Madaftari Niliyotoa Yafungiwe Karanga

Walimu wangu, shikamooni. Wahitimu wenzangu, habari za asubuhi. Nimekuja kusema kosa langu kwenye ukumbi uleule nilioukimbia.

Nilikuwa kidato cha tatu, katibu wa klabu ya historia. Tulikuwa tunaandaa maonyesho ya siku ya mahafali, historia ya shule yetu tangu enzi za ukoloni. Mwalimu mlezi akanituma kusafisha stoo. Mimi na ujuaji wangu, nikaona boksi la madaftari yaliyoliwa na mende, nikampa mama muuza karanga wa mtaa wa Gerezani afungie karanga zake. Akaniombea dua.

Kumbe yalikuwa madaftari ya mahudhurio, ya kwanza kabisa ya shule hii. Ndugu zangu, nawaambia, mwalimu alipouliza boksi liko wapi, nilisema sijaliona. Kesho yake sikwenda shule. Wiki tatu naaga nyumbani na sare, nashinda Kariakoo nazurura kwenye maduka ya vitenge. Niliapa sirudi.

Siku moja mzee mmoja mwenye duka Mtaa wa Msimbazi, Mwarabu wa hapahapa mjini, akaniita. "Shule yako ndiyo niliyosoma mimi. Mbona saa nne uko huku?"

"Shikamoo babu," nikasema, machozi yakanitoka, nikamweleza yote.

Akafungua droo, akatoa karatasi yenye mafuta ya karanga. "Nilinunua karanga juzi, nikafungiwa na hii. Soma jina la tisa."

Lilikuwa jina lake. Mbele yake siku kumi na mbili za kutofika, na pembeni mwalimu ameandika kwa wino: Amefiwa na baba. Asiadhibiwe.

"Maisha yangu yote sikujua kwa nini sikuchapwa," akasema.

Jamani! Nilikuwa nimeita takataka kitu kama kile.

Tukaenda wote Gerezani. Mama alikuwa amebakiwa na zaidi ya nusu ya madaftari, akaturudishia. Nikarudi shule, nikakiri mbele ya klabu nzima. Siku ya mahafali wazee waliosoma hapa walipanga foleni kwenye maonyesho yetu kutafuta majina yao. Mmoja hakuliona lake. Nikamwambia ukweli, kwamba ukurasa wake nimeupoteza mimi.

"Basi niandike sasa," akasema. Nikamwandika.

Babu, mama wa karanga, mwalimu wangu, asanteni. Na wewe mdogo wangu uliyekosea ukajificha, rudi. Kuna watu bado wanasubiri uwaandike.