Mwalimu Baki na Ile Milioni Moja na Moja

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha hisabati, dada yetu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Wanafunzi walimbatiza Mwalimu Baki, maana hata ukimwamkia asubuhi anaweza kukujibu, "Marahaba. Kumi na saba gawanya kwa tano, baki ngapi?"

Ameongoza idara na kulea walimu wapya, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini wasifu wake usiotaja ule upepo utakuwa uongo.

Ulianza mchana mmoja, katikati ya kipindi chake. Mabati yaling'oka, kisha ukuta wa varanda ukaangukia mlango wa darasa. Madirisha yana nondo. Yeye na watoto wote walikuwa ndani, chini ya madawati. Nje tulikuwa mimi na seremala wa shule, na mtaimbo mmoja tuliopokezana kuchokonoa kifusi. Ukuta uliosalia uliyumba kila upepo ulipovuma.

Tukasikia msichana akilia, "Mwalimu, tunakufa!"

"Milioni moja na moja," akajibu. "Nitafutieni kigawanyo. Mbili haiingii, namba yenyewe ni witiri. Tatu je?"

"Jumla ya tarakimu ni mbili. Haiingii."

"Saba?"

"Baki mbili."

"Kumi na moja?"

"Baki mbili tena!" Kumi na tatu nayo, mbili. Mmoja akacheka, kicheko cha mtu mwenye homa.

Kisha sauti zote zikakatika. Matofali yakaporomoka. Nilishaanza kuwaza wazazi nitawaambia nini. Ghafla mtoto akapiga ukelele:

"Mia moja na moja! Inaingia, Mwalimu! Mara elfu tisa mia tisa na moja!"

"Vizuri. Sasa hiyo elfu tisa mia tisa na moja, nigawieni."

Walikuwa bado wanahangaika nayo tulipopata upenyo na kuwavuta mmoja mmoja. Yeye alitoka wa mwisho. Hatujafika uwanjani, ukuta ukalala.

Baadaye nilimuuliza kama alijua jibu. "Nijue wapi? Niliokota tu namba kubwa, nikaomba isigawanyike. Wangemaliza, wangeusikia upepo. Mimi nilikuwa nausikia." Na ile ya pili ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Wangeitafutia kigawanyo mpaka leo.

Mpaka leo pia, dirisha likigongwa na upepo, chaki humkatikia mkononi, naye huliandikia darasa namba ndefu ubaoni. Wanafunzi hudhani ni zoezi. Sisi wenzake huja kusimama mlangoni mpaka upepo utulie.

Asante, dada yetu, kwa watoto wote uliowarudisha kwao. Nenda ukapumzike vyema, na upepo utakaokufikia huko uwe ule wa kukausha nguo kwenye kamba.